Pima Kina Kwanza: Ushauri wa Kununua Kesi ya Raki kwa Seva ya Nyumbani

Kesi za seva za kufungwa kwenye raki zilibuniwa kwa ajili ya chumba ambacho hakuna binadamu anayelala ndani yake. Chumba hicho kina kiyoyozi kisichozimwa, sakafu ya kubeba tani, makabati yenye kina cha mita moja, na mafundi wanaoingia na vizibo masikioni. Nyumba yako haina hata kimoja kati ya hivyo. Ndiyo maana mtu hununua kesi nzuri kabisa, ya chuma kizito, kwa bei ya kuridhisha, kisha ikaishia kusukumwa chini ya kitanda cha wageni kwa kuwa haikuingia kwenye kabati. Au hulazimika kuizima kila ifikapo saa nne usiku, kwa sababu mwenzake ametamka wazi kwamba ni ama yeye ama hilo dude.

Wanunuzi wengi huanza na swali la diski: itabeba ngapi? Nakushauri swali hilo uliache lije baadaye. Anza na mahali seva itakapokaa na masikio yatakayoisikia.

Na kabla hata ya hapo, jiulize kama unaihitaji raki. Mwenye kompyuta moja ya kuhifadhia picha za familia na filamu, yenye diski mbili tatu, atapata ukimya zaidi kwa fedha ndogo akinunua kesi ya kawaida ya kusimama. Raki huanza kuwa na maana vifaa vinapoongezeka: swichi, ruta, kinasa picha cha kamera za ulinzi, UPS, na seva yenyewe, vyote vikipigania kona moja ya sebule huku nyaya zikitambaa sakafuni. Hapo kuvipanga kwenye fremu moja ni nafuu ya kweli, hasa kwenye nyumba yenye mtoto anayetambaa.

Haya, vipimo. Raki tunayoizungumzia ni ya inchi 19, yaani milimita 482.6. Huo ni upana wa uso wa kifaa pamoja na masikio yake mawili yanayopitishwa skrubu. Uwazi kati ya nguzo na nguzo ni kama milimita 450, na mwili wa kesi nyingi ni 430 hivi, ili kila upande ubaki na nafasi ndogo ya reli. Upana hautakusumbua, kwa kuwa kila mtengenezaji anaufuata. Kimo nacho kina sheria yake: U moja ni inchi 1.75, sawa na milimita 44.45, kwa hiyo kesi ya 2U ina kimo cha karibu milimita 89 na ya 4U karibu 178.

Kina ndicho kisicho na sheria, na hapo ndipo fedha za watu hupotelea. Kuna kesi fupi za milimita 300 na ushei. Kesi nyingi za 4U zinazolengwa watu wa nyumbani na ofisi ndogo ziko kati ya 450 na 550. Zile za diski 24, ambazo zinavutia sana kwenye picha, hupita 650. Sasa tazama makabati ya ukutani yanayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya mtandao, iwe Kariakoo au Luthuli Avenue. Yametengenezwa kwa ajili ya swichi na paneli za nyaya, vitu vyembamba na vifupi, na mengi yana kina cha milimita 450 au 600. Tena hicho ni kipimo cha nje. Ondoa mlango wa kioo, ondoa nafasi ambayo nguzo za mbele zimerudishwa ndani, ondoa ukuta wa nyuma, halafu ondoa tena milimita 80 hivi kwa ajili ya plagi ya umeme na nyaya za mtandao zinazohitaji kukunjika bila kuvunjika. Kabati lililoandikwa 600 litapokea kesi ya 450 vizuri. Ya 500 itaingia kwa kusukumana. Kabati la 450 ni la swichi, na ukitaka kuweka seva humo utabaki na zile kesi fupi tu, ambazo baadhi yake zina matundu ya mazabodi upande wa mbele ili nyaya zisihitaji nafasi nyuma.

Kwa hiyo chukua tepu, fungua kabati, upime kutoka uso wa nguzo ya mbele hadi kitu cha kwanza kinachozuia kwa nyuma. Usipime kwa kuamini karatasi ya dukani. Kwenye maelezo ya kesi yenyewe angalia kama kina kilichoandikwa kimehesabu mikono ya mbele ya kuvutia, maana mara nyingi hakijahesabu. Mikono hiyo hukaa mbele ya nguzo, na kabati lenye mlango linaweza kukataa kufungwa kwa sababu yake.

Ukishajua kina, nenda kwenye kimo. Wauzaji watakwambia kimo ni suala la nafasi. Nyumbani, kimo ni suala la kelele.

Feni hupitisha hewa kwa ukubwa wake au kwa kasi yake. Kesi ya 1U haina nafasi ya feni kubwa kuliko milimita 40, na feni ya milimita 40 ili ipoze prosesa ya seva inabidi izunguke mara elfu kumi na zaidi kwa dakika. Sauti inayotoka ni nyembamba na kali, kama mashine ya kukaushia nywele iliyosahaulika ikiwaka saluni, na inapita milango. Hakuna ujanja wa programu utakaoiondoa bila kupandisha joto. Kesi ya 1U nyumbani ina matumizi machache: ruta ya kujitengenezea, au kikompyuta chenye prosesa ndogo isiyohitaji feni. Kwa mengine yote, ipite kando hata ukiuziwa kwa bei ya kutupa. Kwa kweli bei ya kutupa ndiyo dalili yenyewe: kuna mtu aliyeishi nayo akachoka.

Kesi ya 2U huruhusu feni za milimita 80. Hapo mambo huanza kuvumilika, lakini masharti ni mengi. Kipoza prosesa kinatakiwa kiwe kifupi, milimita 65 hivi. Kadi za kuongeza lazima ziwe zile fupi za nusu kimo, ama uzilaze kwa kutumia kiunganishi cha kugeuza. Pawasaplai ya kawaida ya ATX, yenye unene wa milimita 86, kwa kesi nyingi za 2U haiingii. Utatafuta ya SFX au ya seva, ambayo siku ikifa huipati kwa fundi wa mtaani.

Za 3U ni chache madukani ingawa si mbaya. Kadi za kimo kamili husimama humo bila shida, na wapo watengenezaji wa vipoza waliozifikiria: Noctua wana NH-D9L yenye kimo cha milimita 110, iliyokusudiwa kesi za namna hiyo.

Nyumbani nunua 4U. Inameza feni za milimita 120 zinazozunguka polepole, inapokea pawasaplai ya kawaida unayoweza kuibadilisha Jumapili jioni, kadi za kimo kamili, na mazabodi ya ATX yenye milimita 305 kwa 244 au kubwa zaidi. Kwa nje inaonekana ni ubadhirifu, boksi kubwa lenye hewa tupu ndani. Lakini hewa hiyo ndiyo inayonunua ukimya.

Hata hivyo 4U nayo ina mtego mmoja. Milimita 178 za nje si zako zote. Toa unene wa chuma juu na chini, vikanyagio vya mazabodi, mazabodi yenyewe na kimo cha prosesa, utabaki na kati ya 140 na 150 za kipoza. Vile vipoza virefu vinavyosifiwa na wapenzi wa michezo ya kompyuta havitaingia: NH-U12S ina milimita 158 na NH-D15 ina 165. NH-U9S yenye 125 inaingia na kufanya kazi nzuri. Kadi ya grafiki nayo usiipime urefu tu. Nyingi zina plagi ya umeme juu ya mgongo wake, na waya ukikunjwa pale unahitaji nafasi kabla ya kufika kwenye mfuniko. Urefu wake nao hugombana na safu ya feni katikati ya kesi.

Sasa ndiyo tuzungumze diski.

Diski moja ya inchi 3.5 ina uzito wa karibu gramu 700. Diski 24 ni kilo 17 kabla hujahesabu chuma. Wakati wa kuanza kuzunguka, kila moja huvuta karibu ampea 2 kwenye njia ya volti 12; diski 12 zikiamka kwa pamoja ni kama wati 290 kwa sekunde chache, ingawa zikishatulia kila moja hutumia wati chache tu. Pawasaplai ichaguliwe kwa kuangalia kuamka huko, na UPS pia, la sivyo umeme ukikatika na kurudi utaona seva inajaribu kuwaka na kuzima.

Kuna namna mbili za kubeba diski. Ya kwanza ni trei za mbele zinazochomolewa huku seva ikiwaka, na nyuma yake kuna ubao wa umeme unaozipokea. Ya pili ni vizimba vya ndani ambavyo diski hufungwa kwa skrubu na nyaya zake moja moja. Trei zinapendeza, na sikatai kwamba kuchomoa diski mbovu bila kufungua mfuniko kuna raha yake. Lakini kwa nyumba yenye seva moja, ambako kuizima kwa dakika kumi hakumkoseshi mtu mshahara, faida hiyo ni ndogo kuliko gharama yake. Ubao ule wa nyuma huziba njia ya hewa. Matundu yake ni madogo, na feni lazima zivute kwa nguvu ili hewa ipenye. Kizimba cha wazi chenye feni ya milimita 120 mbele yake hupoza diski vizuri zaidi kwa kelele ndogo zaidi. Ukiwa na diski nane au pungufu, mimi ningechukua kizimba bila kufikiri mara mbili. Kikubwa ni kubandika lebo ya namba ya diski mahali inapoonekana, usije ukachomoa iliyo nzima.

Ukichagua trei, na hasa ukinunua kesi iliyotumika, kagua mambo haya. Hesabu trei zenyewe, maana kesi nyingi huuzwa na nusu ya trei na zilizopotea hununuliwa moja moja kwa bei ya kuumiza. Angalia aina ya soketi nyuma ya ubao: SFF-8087 na SFF-8643 hazifanani, ingawa zote mbili hubeba diski nne kwa waya mmoja, na kadi yako ya kuunganishia diski lazima iendane nazo au upate waya wa kubadilisha. Jambo la tatu ndilo linalouma zaidi: baadhi ya mabao yenye chipu za kugawa za kizazi cha kwanza cha SAS hayatambui diski yenye zaidi ya terabaiti 2. Kesi kama Supermicro 846 ya diski 24 inapatikana ikiwa na mabao ya aina tofauti tofauti. Uliza namba ya ubao, usiridhike na jina la kesi. Muuzaji asiyejua namba hiyo akupigie picha ya ubao.

Hapa mtu ataniuliza: kwa nini nisinunue seva nzima iliyotumika, badala ya kesi tupu? Zinaletwa, na bei yake mara nyingi iko chini ya kesi mpya. Jibu liko kwenye umbo la vilivyomo. Seva kama Dell PowerEdge R720 au HP ProLiant DL380 ina mazabodi, pawasaplai na feni za umbo lake peke yake. Siku mazabodi inakufa, kesi haipokei nyingine ya kawaida. Inakuwa chuma chakavu. Kesi ya vipimo vya ATX utaihamishia kizazi baada ya kizazi cha vifaa. Tena kuna tokeni za umeme. Seva inayotumia wati 100 bila kuzimwa hula uniti 72 kwa siku 30. Kwa mteja wa TANESCO aliye kwenye kundi la D1, ambalo ukomo wake ni uniti 75 kwa mwezi, hiyo ni sawa na kuitoa familia nzima kwenye kundi hilo kwa sababu ya boksi moja. Na seva za zamani za prosesa mbili hupita wati 100 hata zikiwa hazina kazi.

Kuhusu hali ya hewa, maelezo ya watengenezaji hayatakusaidia sana, maana wanaandika wakifikiria vyumba vyenye kiyoyozi. Chumba cha Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa pili kina nyuzi 30 na zaidi. Diski zimeruhusiwa kufika nyuzi 60, lakini ukiweza kuziweka chini ya 45 utalala usingizi mzuri. Maana yake ni kwamba kesi yenye uso uliozibwa kwa urembo haifai huku. Tafuta uso wa matundu, wenye chujio la vumbi linalochomolewa kwa mbele bila kuvuta kesi nzima kutoka kwenye raki. Chujio la kuvua kwa kufungua skrubu nane halitasafishwa na mtu yeyote, na utalikuta limevaa blanketi la vumbi. Kabati likiwa na mlango wa kioo, ng'oa mlango. Kwa walio karibu na bahari, chumvi hula chuma kuanzia kwenye kingo zilizokatwa na matundu ya skrubu, ambako hakuna rangi. Raki isikae kwenye dirisha linalopokea upepo wa pwani.

Halafu kuna mjusi kafiri. Anapenda joto, anapenda giza, na tundu la kadi lililoachwa wazi nyuma ya kesi kwake ni mlango. Kesi nyingine za bei rahisi zina vifuniko vya matundu vinavyovunjwa mara moja na havirudi. Chagua zenye vifuniko vya skrubu. Matundu makubwa ya hewa nyuma yawekewe wavu.

Reli nazo zisisahaulike, kwani kesi nyingi huuzwa bila reli. Yale masikio ya mbele yapo kwa ajili ya kuizuia kesi isitoke. Hayakuwekwa kubeba kilo 25 zinazoning'inia nyuma yake. Reli za kuteleza ni nzuri kama kabati lina nguzo nne na umbali kati ya nguzo za mbele na za nyuma unalingana na reli. Kwa kabati fupi, vyuma viwili vya umbo la L vinavyofungwa kushoto na kulia vinatosha kabisa, na ni rahisi. Usifunge seva yenye diski nyingi kwenye kabati la ukutani lililoshikwa na fisha nne kwenye tofali za bloku zenye uwazi ndani. Iteremshe chini.

Kama hakuna kabati linalokutosha, fundi wa kuchomelea anaweza kukutengenezea fremu ya engo kwa siku moja, ila mpe vipimo kwa maandishi: uwazi kati ya nguzo milimita 450, kutoka katikati ya tundu la kushoto hadi katikati ya tundu la kulia milimita 465, na matundu ya kwenda juu yafuate mpangilio wa 15.875, 15.875, 12.7, kisha urudie. Tofauti ya milimita mbili kwenye mpangilio huo hujilimbikiza, na ukifika U ya sita skrubu hazikubali tena. Mtu asiyemwamini fundi wake kwa hesabu hizo anunue nguzo zilizotobolewa kiwandani, kisha fundi achomelee fremu ya kuzishika tu. Huko Ulaya wapenzi wa mambo haya waligundua kwamba meza ndogo ya IKEA iitwayo LACK ina karibu sentimita 45 kati ya mguu na mguu, wakaanza kufunga swichi zao chini yake. Seremala wetu yeyote anaweza kuitengeneza meza ya hivyo kwa mbao ngumu kuliko ile.

Mwisho ni usafiri, ambao kwa kesi za 4U unaweza kuzidi bei ya kesi. Wasafirishaji wa ndege hawakutozi kwa mzani peke yake. Huzidisha urefu, upana na kimo cha boksi kwa sentimita, wakagawa kwa 5000 au 6000, kisha wakachukua namba iliyo kubwa kati ya hiyo na uzito halisi. Boksi la 4U la sentimita 70 kwa 55 kwa 28 linatoa kilo 21.6 ukigawa kwa 5000, hata kama ndani kuna kilo 11 tu. Kwa meli hesabu ni ya CBM, yaani mita za ujazo, na boksi hilo ni kama 0.11, kwa hiyo asiye na haraka aagize kwa meli. Na kwa kuwa umeshalipia ile nafasi tupu ndani, mwombe muuzaji aweke humo reli, feni za akiba, nati za M6 na nyaya, vikiwa vimefungwa kwa sponji visigongane. Diski zisiingie humo. Hizo zije na mtu mkononi. Mzigo ukifika, kabla hujasaini, ondoa mfuniko na uangalie kona za mbele na yale masikio mawili. Chuma chake ni chembamba, cha milimita moja hivi, na boksi likiangushwa kwa kona sikio hupinda kidogo tu, kiasi usichokiona mpaka ujaribu kuisukuma kesi kati ya nguzo.